Philip Hench, daktari aliyefuata alama ndogo kwa miaka 19

Katika makanisa yetu wako mama na baba ambao asubuhi hawawezi kufunga vifungo vya nguo zao. Vidole vimevimba, magoti yamekaza. Wengine huambiwa ni uzee, wengine huambiwa wamelogwa. Philip Hench, daktari wa Marekani, alitumia maisha yake kwa ajili ya wagonjwa wa namna hiyo.

Alizaliwa mwaka wa 1896 kule Pittsburgh, akiwa na kaakaa lililopasuka, hivyo maneno hayakumtoka kwa urahisi. Mwaka wa 1921 aliingia katika hospitali ya Mayo Clinic, mji wa Rochester, na miaka 5 baadaye akawekwa kuwa mkuu wa idara ya magonjwa ya rumatizimu.

Leo tunajua kwamba katika ugonjwa huu kinga ya mwili, iliyowekwa itulinde, inageuka na kushambulia viungo vyetu wenyewe. Siku zile hilo halikujulikana. Madaktari wengi walidhani ni vijidudu vilivyojificha, na wagonjwa wakang'olewa meno bure.

Mwezi wa 4 mwaka wa 1929, mgonjwa wa miaka 65, naye pia daktari, alimweleza Hench jambo la ajabu: alipopata ugonjwa wa macho ya manjano, maumivu ya viungo yalimtoka. Mwingine angelisikia na kusahau. Hench aliandika, akaanza kutafuta wengine. Akawapata. Baadaye akaona pia wanawake wengi wakipata nafuu wakiwa na mimba, kisha baada ya kuzaa maumivu yanarudi.

Akajiuliza: kuna kitu gani ndani ya mwili kinachotuliza ugonjwa huu? Alijaribu kuwapa wagonjwa nyongo, hata damu ya watu wenye manjano. Haikusaidia. Kwa kuwa wanaume na wanawake wote walipata nafuu, alianza kuwaza juu ya homoni, hasa zile za tezi ndogo zilizo juu ya mafigo. Katika hospitali hiyo hiyo alifanya kazi Edward Kendall, mtaalamu wa kemia, aliyekuwa amezitenga homoni hizo. Mwaka wa 1941 walikubaliana kujaribu moja wapo, lakini haikupatikana ya kutosha, na vita vikaingia kati. Kampuni ya Merck ndiyo iliyofaulu kuitengeneza, ikianzia kwenye nyongo ya ng'ombe. Tunacheka kidogo hapa: nyongo ileile iliyomshinda Hench ikawa mlango.

Tarehe 21 mwezi wa 9 mwaka wa 1948, mwanamke wa miaka 29 ambaye karibu hakuweza kutembea alichomwa sindano ya kwanza. Siku chache zikapita, akatembea. Wiki moja tu, akatoka kwenda madukani mjini. Dawa hiyo ikaitwa kotizoni. Mwaka wa 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel. Hench aligawa sehemu ya fedha zake, na mmoja wa waliopata ni mtawa aliyesimamia wodi ya wagonjwa wake.

Lakini sisi tunamheshimu zaidi kwa jambo lingine. Magazeti yalipopiga kelele za muujiza, yeye alisema wazi kwamba dawa haiondoi ugonjwa: ukiacha, maumivu yanarudi. Akaeleza pia nyuso zinazovimba na akili zinazosumbuka kwa wale waliopewa nyingi. Neno hilo linatuhusu sana. Predinizoloni na deksametazoni, dawa za jamii hiyo, zinauzwa kwenye farmasi zetu, na wako dada zetu wanaozimeza ili wanenepe tu. Mwili ukizizoea, tezi za juu ya mafigo zinalala. Kuziacha ghafula kunaweza kuua. Anayezitumia kwa muda mrefu asiache mwenyewe, aende kwa muganga amshushie kidogo kidogo.

Hench alikuwa pia mpenzi wa historia. Kwa miaka mingi alikusanya karatasi za watu waliochunguza homa ya manjano kule Cuba. Leo ziko katika Chuo Kikuu cha Virginia. Alifariki mwezi wa 3 mwaka wa 1965, akiwa mapumzikoni Jamaika, mwenye miaka 69.