Nahodha Joseph Bates na Ratili Nne za Unga

Soma Luka 12:13–34 kabla ya kuendelea.

Joseph Bates alizaliwa tarehe 8 Julai 1792 huko Rochester, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikulia Fairhaven, ng'ambo ya maji kutoka bandari ya New Bedford, na mtoto aliyekulia pale aliona merikebu kila siku. Mwaka 1807, kabla hajatimiza miaka 15, alianza safari za baharini akiwa mtumishi wa chumbani. Miaka mitatu baadaye, alipokuwa Liverpool, alikamatwa na kulazimishwa kutumika katika jeshi la majini la Uingereza. Vita vilipozuka kati ya Uingereza na Marekani mwaka 1812 akawa mfungwa, na mwishowe akapelekwa katika gereza la Dartmoor. Alirudi nyumbani mwaka 1815 akiwa mikono mitupu.

Mtu aliyepoteza miaka kama ile hulijua neno uhuru kwa namna yake. Kwa Bates, uhuru ulikuwa na bei iliyohesabika. Mwaka 1818 alimwoa Prudence Nye, mwaka 1820 akawa nahodha, naye akajiwekea lengo kwamba akiisha kupata dola 10,000 ataiacha bahari. Zamani zile fedha hizo zilimtosha mtu kuishi bila kumtumikia yeyote. Hivyo akasafiri na kufanya biashara mpaka Amerika ya Kusini, huku mkewe akibaki peke yake kwa miezi mingi. Katika mojawapo ya safari hizo alifungua sanduku lake akakuta Agano Jipya. Prudence ndiye aliyelitia humo.

Mabadiliko yalimjia polepole. Aliacha pombe kali, kisha divai, kisha tumbaku, na baada ya miaka chai, kahawa na nyama pia. Mwaka 1827 alibatizwa. Katika safari yake ya mwisho merikebu yake haikuwa na pombe hata tone, wala hakuruhusu mabaharia watukane, jambo ambalo mabaharia wa siku zile waliliona la ajabu. Mwaka 1828, akiwa na umri wa karibu miaka 36, alishuka merikebuni. Lengo lake la fedha lilikuwa limetimia na kuzidi.

Tajiri wa mfano wa Bwana alitaka kujenga ghala kubwa zaidi. Bates hakuwa mchoyo kama yule. Alisaidia kuanzisha chama cha kiasi mjini kwake, na baadaye chama cha kupinga utumwa, ingawa jambo hilo liliwaudhi watu wengi. Hata hivyo naye alikuwa na ghala lake. Alinunua ardhi, akajenga nyumba, akapanda miforosadi kwa nia ya kufuga viwavi wa hariri. Ilikuwa mipango mizuri ya mtu mwenye bidii. Je, ni wakati gani mpango mzuri huanza kumfunga aliyeupanga?

Mwaka 1839 alisikia mafundisho ya William Miller juu ya kurudi kwa Kristo, akayaamini. Tangu hapo fedha zake zilianza kutembea njia nyingine. Mwaka 1842 alikuwa mwenyekiti wa mkutano mkuu wa waumini hao huko Boston. Mwaka 1844 aliuza nyumba yake, akalipa madeni yote, kisha yeye na rafiki yake mhunzi, Heman Gurney, wakaenda Maryland kuwahubiria watumwa na mabwana wao pia. Mtu mwenye mali nyingi za kulinda asingekwenda Maryland akiwa anajulikana kuwa mpinzani wa utumwa.

Kisha ikaja tarehe 22 Oktoba 1844, na Bwana hakuja. Wengi walipoteza tumaini. Bates alikuwa amepoteza tumaini na nyumba pia. Angeweza kurudi baharini, kwa maana nahodha mzoefu hakosi merikebu. Hakurudi. Mapema mwaka 1845 alisoma makala juu ya Sabato ya siku ya saba, akaichunguza katika Biblia, akaanza kuitunza. Mwaka 1846 alichapisha kijitabu cha kurasa 48 juu ya Sabato. James White na Ellen, waliooana Agosti mwaka ule, walikisoma, na kabla mwaka haujaisha nao wakawa watunza Sabato.

Katika miaka hiyo ndipo kilipotokea kisa ambacho mzee J. N. Loughborough alikisimulia mara nyingi. Bates alikuwa ameketi akiandika. Prudence akamjia kumwambia kwamba unga aliokuwa nao hautoshi kumalizia mikate. Akamwuliza wapungua kiasi gani. Akajibu ratili nne, yaani karibu kilo mbili. Bates akatoka, akanunua ratili nne kamili, akauweka mezani. Mkewe akashangaa kwamba nahodha aliyepeleka merikebu katika pembe nyingi za dunia ananunua unga wa kujaza bakuli. Ndipo Bates akamwambia kwamba ametumia senti zake za mwisho. Prudence akalia, akauliza watafanya nini sasa.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kwa haraka ili kufikia mwisho wake. Lakini machozi yale yanastahili kuangaliwa. Bates alikuwa amechagua. Prudence alikuwa anapika. Hakujua kwamba fedha zimekwisha mpaka siku ile, na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa bado hajaikubali Sabato. Imani ya Bates ilikuwa kubwa, ila kumficha mke hali ya nyumba si sehemu ya imani.

Bates alimjibu kwamba Bwana atawapa. Baadaye akahisi amepasa kwenda posta, akakuta barua inayomngoja. Zamani zile mpokeaji ndiye aliyelipa gharama, na Bates hakuwa na senti tano. Akamwomba mkuu wa posta aifungue yeye, akate gharama yake kama mna kitu. Mlikuwa na dola 10. Akanunua pipa zima la unga pamoja na viazi na sukari, akavituma nyumbani. Prudence alibisha kwamba mchukuzi amekosea nyumba.

Prudence alianza kuitunza Sabato mwaka 1850. Mwaka 1858 wakahamia Monterey, Michigan. Mwaka 1860 Bates alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa Battle Creek uliolichagua jina la Waadventista Wasabato. Hakupata tena dola 10,000. Alihubiri mpaka uzeeni, akafa tarehe 19 Machi 1872 akiwa na umri wa miaka 79, akazikwa Monterey katika makaburi alimolazwa Prudence mwaka 1870.