Bibi Wightman na Kombe la Tenisi la Wanawake

Askari aliyepata kupangiwa zamu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, safari isiyo ndefu kutoka mjini Mbarara, bila shaka amepata kuona jambo hili: watoto hutoka shuleni, wavulana huuteka uwanja kwa mpira wao, na wasichana hubaki pembeni wakitazama. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 makazi hayo yamepokea watu wa Rwanda, na baadaye wa Burundi, Kongo, Somalia na kwingineko. Leo tumeona vema kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi maisha ya mwanamke ambaye naye aliwekwa pembeni ya uwanja, lakini hakukubali kubaki huko.

Hazel Hotchkiss alizaliwa tarehe 20 Desemba 1886 katika mji mdogo wa Healdsburg, jimbo la California, Marekani. Utotoni alikuwa dhaifu wa mwili, na daktari akashauri acheze michezo ili apate afya. Akachaguliwa tenisi, kwa kuwa ilionekana kuwa ndio mchezo unaomfaa msichana. Hazel alijifunza kwa kupiga mpira ukutani na kwa kucheza na kaka zake nyumbani. Ua wao ulikuwa na kokoto, na mpira ukigonga chini ulikwenda ovyo. Basi akazoea kuupiga kabla haujagusa ardhi. Ubovu wa kiwanja ukawa ndio mwalimu wake wa kwanza.

Jamaa yake walipohamia Berkeley, uwanja mzuri ulikuwa wa chuo kikuu, lakini wasichana hawakuruhusiwa kuutumia baada ya saa mbili asubuhi. Hazel hakugombana na mtu. Alifika saa kumi na mbili alfajiri, akafanya mazoezi, akaondoka saa ya wanaume ilipowadia. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1911, miaka mitatu mfululizo, alitwaa ubingwa wa Marekani wa wanawake katika mchezo wa mmoja mmoja, wa wawili wawili, na ule wa mwanamke na mwanamume wakishirikiana.

Mwaka 1912 aliolewa na George Wightman wa Boston, wakajaliwa watoto watano. Wengi walidhani mchezo wake umekwisha. Mwaka 1919, akiwa mama wa nyumbani, alirudi uwanjani akautwaa tena ubingwa wa taifa.

Hata hivyo, hatumkumbuki kwa ushindi wake peke yake. Tangu mwaka 1900 wanaume walikuwa na Kombe la Davis, wakishindana taifa kwa taifa. Wanawake hawakuwa na kitu cha namna hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Bibi Wightman alitoa kombe la madini ya fedha lishindaniwe na timu za wanawake za mataifa mbalimbali. Kwa uhaba wa fedha na kusitasita kwa viongozi wa mchezo, kombe hilo lilikaa miaka bila kushindaniwa. Hatimaye, mwaka 1923, timu mbili tu zilikutana mjini New York, za Marekani na Uingereza. Bibi Wightman alikuwa nahodha na mchezaji, na Marekani ilishinda michezo yote saba. Mwaka uliofuata, kule Wimbledon, Uingereza ililipiza kisasi kwa michezo sita dhidi ya mmoja. Mwaka huohuo wa 1924 alipata medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Paris.

Aliendelea kuwa nahodha kwa miaka mingi, hadi 1948. Nyumbani kwake karibu na Boston aliwafundisha vijana bila malipo, akawalaza na kuwalisha wachezaji waliotoka mbali. Mwaka 1957 Althea Gibson, Mmarekani mweusi, aliichezea Marekani katika kombe hilo. Na mwaka 1963 ndoto ya mataifa mengi ikatimia: timu 16 zilikutana London kushindania Kombe la Shirikisho. Bibi Wightman alifariki dunia tarehe 5 Desemba 1974, akiwa na umri wa miaka 87. Kombe lenye jina lake lilishindaniwa mpaka mwaka 1989, na lile la Shirikisho, ambalo tangu 2020 linaitwa kwa jina la Billie Jean King, lilifika hata kwetu Afrika Mashariki: mwezi wa Juni 2023 timu za wanawake wa Afrika zilishindana mjini Nairobi.

Twajua kwamba msichana wa Nakivale ana shida ambayo Hazel hakuwa nayo. Kombe la mataifa huchezwa na timu za mataifa, naye huenda hajui atavaa jezi ya taifa lipi. Olimpiki ilianza kuwa na timu ya wakimbizi mwaka 2016, lakini mlango huo ni mwembamba. Hilo haliko mikononi mwa askari. Yaliyo mikononi mwake ni madogo zaidi: ukuta wa kituo, kipande cha uwanja wa kambi pale Mbarara, na saa moja ya jioni ambayo wasichana wataachiwa uwanja bila kufukuzwa. Hazel alipewa saa mbili za alfajiri tu, nazo zikamtosha kuanza.