Makhan Singh: Mtetezi wa wafanyakazi aliyefungiwa Turkana

NARIOKOTOME inajulikana duniani kwa mifupa ya kijana wa kale wa takriban miaka milioni 1.5, iliyogunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu. Lakini ukanda huo wa kaskazini mwa Turkana una historia nyingine isiyosimuliwa sana. Katika kituo cha Lokitaung, serikali ya kikoloni ilimfungia mtu ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kuwaunganisha wafanyakazi. Mtu huyo ni Makhan Singh.

Alizaliwa Desemba 27, 1913 katika wilaya ya Gujranwala, Punjab, ambayo leo ni sehemu ya Pakistan. Mwaka 1927 aliwasili Kenya kumfuata baba yake, Sudh Singh, fundi seremala aliyekuwa amefanya kazi katika shirika la reli kabla ya kufungua kiwanda cha uchapaji jijini Nairobi. Ni katika kiwanda hicho cha baba yake ambapo kijana huyo alianza kazi.

Wakati huo mfanyakazi hakuwa na pa kukimbilia. Aliyevunjika mkono karakanani au kuangukiwa na mzigo bandarini alibaki kutegemea huruma ya mwajiri, na huruma haidaiwi. Akilalamika peke yake alifukuzwa, na mwingine akachukua nafasi yake siku hiyo hiyo.

Makhan Singh aliona kwamba dawa ya unyonge huo ni umoja. Mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichofungua milango kwa watu wa rangi zote, jambo ambalo halikuwapendeza watawala waliozoea kuwagawa Waafrika na Wahindi. Mwaka 1937 chama hicho kiliongoza mgomo wa karibu miezi miwili mjini Nairobi, na waajiri wakalazimika kuongeza mishahara.

Baadaye alisafiri kwenda India, ambako Waingereza walimtia kizuizini mwaka 1940. Aliporejea Kenya mwaka 1947, serikali ilijaribu kumfukuza nchini lakini haikufaulu. Mei 1, 1949, yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na yeye katibu mkuu.

Aprili 23, 1950, katika mkutano uliofanyika Kaloleni, Nairobi, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mei 15 yeye na Kubai wakakamatwa. Maelfu ya wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa zaidi ya wiki moja wakitaka waachiliwe na kima cha chini cha mshahara kipandishwe. Baada ya kesi iliyosikilizwa Nyeri, Makhan Singh alipelekwa Lokitaung.

Kutoka huko alihamishiwa Maralal, kisha Dol Dol. Aliambiwa angeachiliwa iwapo angekubali kuondoka Kenya, akakataa. Alipata uhuru wake Oktoba 22, 1961, baada ya miaka zaidi ya 11.

Kenya ilipojitawala hakupewa cheo chochote kikubwa. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi, iliyochapishwa mwaka 1969, na akafariki dunia Mei 18, 1973 akiwa na umri wa miaka 59.

Je, matunda ya jasho lake yako wapi? Sheria ya mwaka 2007 kuhusu mafao ya wanaoumia kazini inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake na kugharimia matibabu yao. Anayepata ulemavu kamili wa kudumu hulipwa fidia inayokadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa sheria hiyo ni halali.

Hata hivyo, sheria haijisimamii. Madai yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12, na kibarua asiye na mkataba wala chama, awe Lodwar, Kakuma au Nairobi, huenda muda huo ukapita kabla hajajua haki yake. Hapo ndipo maisha ya Makhan Singh yanapobaki na funzo: haki iliyoandikwa humfaa mfanyakazi pale tu anapokuwa na wenzake wa kuidai pamoja naye.