Kisukari si kizuizi cha ndoa

Mpendwa msomaji, huku kwetu Mkunya, na pengine hata hapo ulipo, wapo vijana ambao habari za uchumba zikianza hujitenga wenyewe. Binti ni mchapakazi, anaimba kwaya, ana heshima. Lakini tangu aambiwe hospitalini kwamba ana kisukari, amejitoa katika hesabu ya wanaoolewa. Kama ndiwe, au ni mwanao, naomba nikusimulie maisha ya mtu mmoja.

Robert Daniel Lawrence alizaliwa mwaka 1892 huko Aberdeen, Scotland. Alisomea udaktari, akakusudia kuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1920, akiwa katika hospitali ya King's College, London, alikuwa akijifunza upasuaji juu ya maiti, na kipande cha mfupa kikamrukia jichoni. Jicho likaoza. Katika kumtibu, wenzake wakagundua kwamba ana kisukari.

Alikuwa hajafikisha miaka 30. Insulini haikuwapo bado. Mgonjwa alibanwa chakula, akakonda hadi kufa. Kwa kuwa alikuwa daktari, Lawrence alijua vizuri miaka yake ni michache. Akaacha upasuaji, akaenda Florence, Italia, ili ndugu zake wasimwone akifa.

Kumbe Mungu alikuwa hajamaliza naye. Mwaka 1921 watafiti wa Toronto, Kanada, waligundua insulini. Mei 1923, mwenzake wa King's College akampelekea habari kwamba dawa imepatikana na inafanya kazi. Akiwa dhaifu sana, akasafiri kwa gari kutoka Italia mpaka London. Tarehe 31 mwezi huo akachomwa sindano ya kwanza.

Angalia basi alivyoyatumia maisha aliyorudishiwa. Aliwatibu wenye kisukari, na mwaka 1925 akatoa kitabu cha kuwafundisha namna ya kuishi. Mwaka 1928 akafunga ndoa, na nyumba yake ikapata watoto watatu wa kiume. Mwaka 1934, pamoja na mwandishi H. G. Wells, naye mgonjwa wa kisukari, akaanzisha chama cha wagonjwa Uingereza. Alifariki mwaka 1968 akiwa na miaka 75, baada ya miaka 45 ya sindano.

Mpendwa, mtu aliyekwenda ugenini kungoja kifo, miaka mitano tu baada ya sindano ile alisimama akaahidi maisha yake yote kwa mwingine. Ugonjwa haukuwa umepona. Alioa akiwa nao.

Sheria ya Kanisa imeorodhesha vizuizi vya ndoa, na kisukari hakimo. Tena, kila anayefunga ndoa huahidi uaminifu hata katika ugonjwa. Wengine huahidi bila kujua ni ugonjwa gani utakaokuja. Wewe unaujua wako kwa jina, na umeshajifunza kuishi nao.

Lakini lipo jambo moja la kuogopa, nalo ni kuficha. Kanuni ya 1098 yasema kwamba aliyedanganywa kwa makusudi ili akubali, juu ya jambo linaloweza kuvuruga vikubwa maisha ya ndoa, ndoa yake ni batili. Kwa hiyo mwambie mchumba wako mapema, kabla ya mahari na kabla ya matangazo ya ndoa kanisani. Nendeni pamoja kliniki, aone sindano au vidonge, ajue dalili za sukari kushuka na la kufanya. Nawe dada, muulize daktari kabla ya kushika mimba, maana sukari inatakiwa itulie kwanza.

Yawezekana ukisema, ataondoka. Itauma, sitakudanganya. Lakini bora aondoke leo kuliko akukimbie siku utakapoanguka. Na yule atakayebaki, utajua amebaki kwa ajili yako.

Nanyi wazazi na wajomba, mnapokaa kupokea posa, msimfiche binti yenu kwa kumwonea aibu, wala msimkatae mchumba kwa sababu ya sindano. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa, na kazi ya Mungu ikaendelea.

Nawatakia Dominika njema.