Muyaka bin Haji: Malenga wa Mvita na Deni la Watafiti Wake

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawezi kuliepuka jina la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Hata hivyo, wengi wetu hukutana naye kitabuni, tukasahau kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuchapisha kitabu. Makala haya yanakusudia kusimulia maisha yake kwa muhtasari, pamoja na njia iliyopitiwa na tungo zake kutoka vinywani mwa watu wa Mvita hadi maktaba za vyuo vikuu.

Muyaka alizaliwa Mombasa mnamo mwaka wa 1776 hivi, wakati kisiwa kilipokuwa chini ya Mazrui, watawala walioishi Ngomeni. Alikuwa karibu na Abdallah bin Ahmed, aliyetawala kuanzia 1814 hadi 1823 na kukataa kumtii Sayyid Said wa Oman. Katika mzozo huo Muyaka akawa sauti ya mji wake. Aliwahimiza wapiganaji, akawakebehi maadui, na akajibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu, mji uliokuwa umewashinda Mazrui na washirika wao wa Pate katika vita vya Shela mnamo 1812 hivi.

Lakini siasa haikuwa mada yake ya pekee. Alitunga pia kuhusu mapenzi, ndoa, urafiki, dhiki na safari za baharini, kwa lahaja ya Kimvita na kwa beti za mishororo minne yenye mizani kumi na sita. Ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya ushairi wa kale uliohifadhiwa kwa maandishi ni tenzi za kidini. Ndiyo maana wataalamu humsifu Muyaka kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni, ingawa bila shaka watu walitunga mashairi ya kidunia kabla yake.

Mnamo 1837 Sayyid Said aliutwaa mji, na viongozi wa Mazrui wakakamatwa na kuhamishwa. Muyaka aliishi kuyaona hayo, akafariki mnamo 1840 hivi. Wala tungo zake hazikuzikwa naye, kwani wenyeji waliendelea kuzighani.

Takriban miaka arubaini baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa Mombasa, alizikusanya kutoka kwa waliozihifadhi moyoni na kuziandika kwa hati za Kiarabu. Alishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Ernest Taylor, aliyefika Afrika Mashariki mwaka wa 1880. Taylor alizinukuu kwa hati za Kirumi, naye Sikujua akamfafanulia maana na visa vilivyozizaa. Huu ulikuwa mradi wa utafiti kwa maana kamili ya neno, uliofanyika kabla ya Kenya kuwa na chuo kikuu hata kimoja. Sikujua alifariki mwaka wa 1890, Taylor akafuata mwaka wa 1927.

Karatasi zao ziliishia London. Kutokana nazo William Hichens alihariri Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka wa 1940. Mwaka wa 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha uchunguzi wake mpana, wenye mashairi, tafsiri za Kiingereza na maelezo ya historia. Tangu hapo tasnifu na makala nyingi zimeandikwa, ndani na nje ya Afrika.

Katika marejeleo yetu tunawataja Hichens na Abdulaziz, na ni haki yao. Jina la Sikujua hubaki katika dibaji. Ilhali bila maelezo yake, shairi lililotungwa kuhusu ugomvi wa siku moja lingebaki fumbo lisilo na mfumbuzi. Nao wazee waliomsomea yeye tungo hizo hatuwataji kabisa.

Wanafunzi wenzangu, nasi twaingia Mji wa Kale na vinasa sauti, tukaketi barazani, tukapewa kahawa na maarifa, kisha tukaondoka na shahada. Tuwataje waliotufunza ndani ya kazi zenyewe, kwa ridhaa yao, na tuwarudishie nakala. Mzee anayejua kisa cha shairi hangoji tasnifu ikamilike.