Malcolm Loughead: Mtengeneza Ndege Aliyeupa Ulimwengu Breki za Mafuta

Ni wachache kati yetu wasiolijua jina la Lockheed. Waliosafiri kutoka nchi za Ghuba katika miaka ya sabini na themanini wanaikumbuka TriStar ya Gulf Air, ile ndege pana ya injini tatu ambayo shirika hilo lilianza kuitumia mwaka 1976. Wengine wanaijua C-130, ndege nene ya kijeshi yenye pangaboi nne, ambayo huonekana mara nyingi penye njaa au mafuriko ikishusha magunia ya chakula. Zote mbili ni za Lockheed. Hata hivyo, wanaojua kuwa jina hilo lilikuwa la ndugu wawili ni wachache, na wachache zaidi wanajua kuwa mmoja wao aliziacha ndege akaenda kutengeneza breki. Ndugu huyo ni Malcolm Loughead, na ndiye tunayemzungumzia leo.

Malcolm alizaliwa mwaka 1886 katika jimbo la California, Marekani. Mama yake, Flora Haines Loughead, alikuwa mwandishi wa habari na wa vitabu, na baada ya kutengana na mumewe aliwalea watoto kwa kalamu yake na kwa shamba la matunda. Kaka yao wa mama mmoja, Victor, alikuwa mhandisi aliyependa sana mambo ya kuruka angani, na mwaka 1909 alichapisha kitabu juu ya vyombo vya angani. Malcolm na mdogo wake Allan, aliyezaliwa mwaka 1889, hawakupata elimu kubwa ya darasani. Walijifunza kwa mikono. Malcolm aliingia kazini kama fundi wa magari ya mvuke ya White mjini San Francisco, na mdogo wake naye akamfuata katika ufundi.

Mwaka 1912 ndugu hao waliamua kujitengenezea ndege yao wenyewe. Wakati huo ilikuwa imepita miaka tisa tu tangu ndugu Wright waruke kwa mara ya kwanza. Hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na gereji, vifaa vya mkono, na dola elfu chache, nyingi zikiwa za mfadhili mwenye kampuni ya teksi. Walifanya kazi hiyo baada ya saa za ajira zao. Tarehe 15 Juni 1913 ndege hiyo, waliyoiita Model G, iliruka kutoka kwenye maji ya ghuba ya San Francisco ikiongozwa na Allan. Muda mfupi baadaye iliruka tena, safari hii Malcolm akiwa abiria. Ilikuwa ndege ya majini yenye boya chini yake, haikuwa na magurudumu, na kwa hiyo haikuwa na breki. Huyu ndiye atakayekuja kujulikana kwa breki!

Mfadhili alikata tamaa upesi na ndege ikafungiwa. Ndugu wale wakaenda kutafuta dhahabu, wasipate kitu cha maana. Mwaka 1915 walifanikiwa kuikomboa ndege yao kwa ajili ya maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyofanyika San Francisco, wakawa wanawarusha watu kwa dola 10 kila mmoja. Takriban abiria 600 walipanda, na fedha hiyo ndiyo iliyowawezesha kufungua kampuni yao mjini Santa Barbara mwaka 1916. Huko walimwajiri kijana mmoja mchoraji, Jack Northrop, ambaye baadaye naye alianzisha kampuni ya ndege yenye jina lake. Mwaka 1918 waliirusha F-1, ndege kubwa ya majini ya kubeba watu kumi, na mwaka 1919 Mfalme Albert wa Ubelgiji na mkewe walipanda ndege hiyo walipoitembelea California.

Kisha wakatengeneza S-1, ndege ndogo ya mtu mmoja. Mwili wake ulikuwa wa mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, na njia waliyotumia inastahili kuelezwa. Walitengeneza kalibu ya zege, wakapanga mbao zenye gundi ndani yake, wakaweka juu mfuko wa mpira, wakafunika na kuujaza mfuko upepo. Mfuko ulipovimba ulizisukuma mbao kila mahali kwa nguvu sawa, na gundi ilipokauka nusu ya mwili wa ndege ilitoka ikiwa imekamilika. Lakini ndege haikupata mnunuzi. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha, na serikali ilikuwa ikiuza ndege zake za ziada kwa dola mia chache tu. Nani angelipa dola 2,500 kwa ndege ya mtu mmoja? Mwaka 1921 kampuni ilifungwa.

Malcolm hakusubiri mwisho huo. Tangu Desemba 1917 alikuwa na hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya breki zinazosukumwa kwa majimaji, na mwaka 1919 alihamia Detroit, mji wa magari, akaanzisha kampuni ya breki. Kwa kuwa watu walikuwa wakilikosea jina la Loughead kila walipolisoma, aliliandika kama linavyotamkwa: Lockheed.

Tueleze sasa kwa nini breki hizo zilihitajika. Magari ya zama hizo yalisimamishwa kwa vyuma na nyaya zilizotoka kwenye pedali hadi kwenye magurudumu, mara nyingi ya nyuma peke yake. Kuweka breki magurudumu yote manne kwa nyaya ni kazi ngumu, kwa sababu ya mbele hukata kona, na waya mmoja ukilegea kuliko mwenzake gurudumu moja hushika kabla ya jingine na gari huvutwa upande. Dereva aliyekanyaga breki kwa ghafla kwenye barabara yenye utelezi aliweza kujikuta mtaroni.

Malcolm alitumia kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukiyasukuma majimaji yaliyofungiwa ndani ya chombo, msukumo huenda sawa kila upande. Mguu unasukuma pistoni ndogo katika silinda kuu, majimaji yanapita kwenye mabomba, na kila gurudumu linapata msukumo ule ule kwa wakati ule ule. Sisi tunaona undugu baina ya breki hizo na ule mfuko wa mpira wa Santa Barbara. Ni wazo moja: nguvu iliyofungiwa haipendelei upande.

Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ilianza kuuza gari la kwanza la abiria lenye breki za majimaji kwenye magurudumu yote manne. Hata hivyo palikuwa na kasoro. Vikombe vya kuzibia ndani ya silinda vilikuwa vya ngozi, navyo vilivuja. Breki inayovuja ni hatari kuliko breki mbovu ya waya, maana waya ukikatika unapoteza gurudumu moja au mawili, bali majimaji yakimwagika unapoteza yote. Wahandisi waliofanya kazi na Walter Chrysler ndio waliotoa dawa: waliondoa ngozi wakaweka mpira. Mwaka 1924 gari la kwanza lenye jina la Chrysler lilitoka na breki hizo, likiwa ni gari ambalo mtu wa kipato cha kati aliweza kulinunua. Kutoka hapo wengine walifuata mmoja mmoja, na hata Ford, aliyezikataa kwa muda mrefu, alizikubali mwaka 1939.

Na zile ndege? Allan alirudi ulingoni mwaka 1926 pamoja na Northrop, na kampuni mpya ikachukua tahajia ambayo breki za kaka yake zilikuwa zimekwisha kuifanya ijulikane. Kwa maneno mengine, ndege za Lockheed zilipata jina lake kutoka kwenye breki. Ndege yao ya kwanza, Vega, iliruka mwaka 1927, na mwili wake ulitengenezwa kwa njia ile ile ya kalibu ya zege na mfuko wa mpira. Kwa ndege ya aina hiyo Amelia Earhart alivuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1932. Mwaka huo huo Malcolm aliiuza kampuni yake ya breki kwa Bendix. Alifariki California mwaka 1958, na Allan akamfuata mwaka 1969.

Kazi ya Malcolm inaonekana wazi zaidi, kwa maoni yetu, pale mtu anapojitengenezea ndege nyumbani kama alivyofanya yeye. Leo huko Marekani na Ulaya maelfu ya watu hununua seti ya vipande na kuviunganisha gerejini, na sheria ya Marekani hutaka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na wasio wafanyabiashara, kwa kujifunza au kujifurahisha. Kufunga mabomba ya breki ni miongoni mwa kazi hizo. Ndege ndogo nyingi zina silinda kuu mbili, moja kwa gurudumu la kushoto na moja kwa la kulia, kwa sababu rubani akiwa chini hukata kona kwa kubana breki ya upande mmoja. Kwa hiyo bomba moja likivuja, rubani hukosa breki na pengine hukosa usukani pia.

Mjenzi hukata bomba jembamba la alumini, hulisafisha makali ili vumbi la chuma lisiingie ndani, kisha huupanua mdomo wake kwa nyuzi 37. Chombo cha gereji ya magari kwa kawaida hupanua kwa nyuzi 45, na viungo vya namna hizo mbili havioani hata kama nati inakaza. Penye pedali zinazosogea huwekwa hozi laini, na kila bomba hushikizwa lisisuguane na ubavu wa ndege. Mafuta yake kwa kawaida ni yale mekundu ya madini, si yale ya gari, kwani mafuta yasiyolingana na mpira huuvimbisha na kuuharibu. Mwisho ni kutoa upepo: mafuta husukumwa kutoka chini kwenye gurudumu kwenda juu kwenye kikombe, maana kawaida ya mapovu ni kupanda. Upepo hubanika, mafuta hayabaniki, na pedali ikiwa laini kama sifongo ujue upepo umebaki.

Kama mnavyoona, mengi ya mambo hayo yanarudi kwenye tatizo lile lile la vikombe vya ngozi vya Malcolm: kuyazuia majimaji yasitoke na upepo usiingie. Historia imempa Allan sifa ya angani, na ni haki yake. Lakini dereva wa teksi Mombasa au Muscat, akibana breki mtoto anapokatiza barabara mbio, anamtegemea Malcolm, hata kama jina lake hajapata kulisikia. Na aliye kando yako akikwambia Lockheed ni ndege tu, sasa unalo la kumweleza.