Idjwi: Shene ya baiskeli ikilia, kuna mtu wa kukumbuka, Hans Renold

Siku ya soko kisiwani Idjwi, kando ya barabara ya udongo, unasikia baiskeli kabla ya kuiona. Inashuka mlima na mzigo wa mananasi nyuma, shene inalia kli-kli-kli mpaka ufukoni. Wengi wanamwagia mafuta machafu ya moto na kuendelea. Hatari ipo: kwa baiskeli zenye breki ya kukanyaga pedali kinyume, shene ikikatika mteremkoni, breki nayo imekwenda.

Mtu aliyeipa shene hiyo umbo lake la leo alizaliwa mbali na ziwa Kivu. Hans Renold alizaliwa mwaka wa 1852 mjini Aarau, Uswisi, akasomea ufundi wa mashine Zurich. Mwaka wa 1873 alihamia Manchester, Uingereza, mji wa viwanda vya nguo. Mwaka wa 1879 akanunua karakana ndogo ya James Slater huko Salford, jirani na Manchester, iliyotengeneza minyororo ya mashine za viwanda hivyo.

Shene za wakati ule zilikuwa na ugonjwa mmoja. Sahani nyembamba za chuma zilisugua pini mahali padogo tu, pini ikalika upesi, shene ikarefuka. Mwaka wa 1880 Renold akapata hati ya uvumbuzi. Kati ya sahani mbili za ndani alitia mrija mfupi wa chuma, ambao mafundi wanauita bushi. Pini inapita ndani ya bushi, na juu ya bushi inazunguka rola. Kwa njia hiyo uzito unaenea kwenye bushi nzima badala ya kuangukia ukingo wa sahani. Jambo dogo kwa macho! Lakini miaka 5 baadaye, John Kemp Starley alipotoa baiskeli ya Rover mjini Coventry, yenye shene inayovuta gurudumu la nyuma, njia ikafunguka. Kadiri baiskeli za namna hiyo zilivyoenea duniani, shene ya Renold ikaenea nazo.

Anayeelewa bushi anaelewa kelele. Mahali panapohitaji mafuta ni ndani, kati ya pini na bushi, wala si juu ya sahani. Mafuta ya nje yanakamata udongo, na udongo na mafuta vikichanganyika vinakula chuma kama msasa. Kwa hiyo futa shene kwanza kwa kitambaa, tia tone moja kwenye kila rola, zungusha pedali, ngoja kidogo, halafu futa tena yaliyobaki nje.

Ikiwa bado inalia, inua gurudumu la nyuma na usikilize. Acha kukanyaga: kelele ikiendelea wakati gurudumu linazunguka peke yake, usiilaumu shene, tafuta kwenye gurudumu. Ikigonga mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, angalia pedali yenyewe, mkono wake na kabari inayoushika, au jino lililopinda kwenye plato ya mbele. Ikigonga kila baada ya mizunguko miwili na kitu, mara nyingi ni kiungo kimoja kilichokauka, maana shene yenyewe inachukua karibu muda huo kurudi palepale. Irudishe nyuma polepole kwa mkono, utakiona kiungo kinachokataa kunyooka kinapotoka kwenye pinyo ya nyuma.

Kelele ya kusaga isiyokoma ina sababu nyingine: gurudumu limefungwa upande, plato na pinyo haziko kwenye mstari mmoja, au shene imekazwa kupita kiasi. Katikati yake shene iweze kupanda na kushuka kama sentimita moja. Pima pale inapokaza zaidi, kwa kuwa plato nyingi si duara kamili.

Kisha chukua rula. Kutoka katikati ya pini moja hadi ya pili ni milimita 12,7, hivyo viungo 24 vya shene mpya vina sentimita 30,5 hivi. Vikifika 30,8, shene imekwisha, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Hapa wengi wanakosea, na kwa mtu anayengoja vipuri vivuke ziwa kosa hilo ni ghali: wananunua shene peke yake na kuifunga kwenye pinyo yenye meno yaliyochongoka. Inaruka ukikanyaga kwa nguvu, na shene mpya inaharibika upesi.

Renold hakuishia hapo. Mwaka wa 1895 alitoa shene nyingine ya mashine, yenye sahani zilizochongwa kama meno, iliyopewa jina la shene kimya. Haikuwa ya baiskeli, lakini inaonyesha kwamba kelele ilikuwa imeingia katika hesabu zake. Mwaka uliofuata alipunguza saa za kazi katika kiwanda chake hadi 48 kwa juma, wakati viwanda vingi vya aina yake vilizidi 50. Kwa maoni yangu hilo nalo ni uvumbuzi, ingawa halikupewa hati.

Alifariki mwaka wa 1943, akiwa na miaka 90. Shene moja ya baiskeli bado ina vipande zaidi ya 500: sahani, pini, bushi na rola, kwa mpango uleule wa 1880.